Ua la Nyota Ukweni Mtawanya

Leo nimeaibika kwa wakwe.

Utotoni nilisikia kwamba kuna jamaa wa Nyamwage alikula tunguja, yale matunda ya porini yenye sumu, akatembea kinyumenyume mpaka Ikwiriri huku akisalimia miti. Niliamini kabisa. Nilipokuja kusoma masomo ya jioni hapa Kibiti, mwalimu wa Biolojia akatufundisha kutambua familia za mimea kwa maua. Nikashika moja tu: petali tano zilizoungana kama nyota, na katikati kitu cha manjano kilichochongoka. Hiyo ni familia ya tunguja. (Nilipata C, lakini C nzito, ya kubebwa na watu wawili.)

Sasa leo adhuhuri niko Mtawanya, kwa kina Mwanahawa, mchumba wangu. Tule, kisha wazee wapange tarehe ya ndoa. Wanaume barazani, wanawake uani, kila upande na sinia lake: ugali, mchuzi wa samaki perege, na mnavu wa nazi aliouchuma na kuupika Mwanahawa mwenyewe. Nikala kama nimetoka kifungoni, huku nikiusifia mchuzi. Nikainuka kwenda kunawa, na pale karibu na jiko nikaona vikonyo vya ile mboga, maua bado yananing'inia. (Mnavu mimi naujua ukiwa kwenye sahani.) Meupe. Petali tano. Nyota. Manjano katikati.

Tumelishwa tunguja, nikajiambia.

Mnajua adabu za ukweni. Mama mkwe hata usoni humtazami. Mimi nikavamia mkeka wa wanawake, nikampokonya tonge likiwa mdomoni.

"Mama, tema. Hii ni jamii ya tunguja."

Hata kuku waliacha kupekua. Shangazi mtu akasema mnavu wameula tangu utotoni. Nikamjibu kitaalamu kwamba huu unafanana na mnavu tu. Baba mkwe akatokea, jasho linamchuruzika. Nikajua sumu imeshapanda kichwani. Bibi yake Mwanahawa akaanza kutamka shahada, tayari kwa kufa. Shangazi naye sasa akadai anaona watu wawili wawili.

Kisha wote wakamgeukia Mwanahawa. Baba yake akamuuliza polepole, "Mwanangu, umetulisha nini?"

Mwanahawa akaweka chini jagi la kunawishia, akaokota kikonyo, akalitazama ua, halafu akanitazama mimi. Tulisoma darasa moja. Yeye alipata A.

"Shabani, familia umeipatia. Hebu taja na jamaa zake wengine."

Nikaanza kwa sauti ya mwalimu mkuu. Bilinganya. Viazi mviringo. Pilipili. Hapo sauti ikaanza kunikimbia.

"Endelea."

"Nyanya," nikasema.

"Na mchuzi uliokuwa unausifia muda wote, nimeuungia nini?"

Nyanya zilezile. Baba mkwe alijifuta lile jasho, akakiri kwamba pilipili ilimzidi. Shangazi akaanza kuona mtu mmoja mmoja. Mama mkwe akajifunika khanga, akaingia ndani.

Tarehe haikupangwa. Nimeambiwa nisubiri kuitwa. Tafadhalini msicheke, huku kuna mtu hajui kama ataoa.

Mwanahawa alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nilitegemea matusi. Akaniambia tu, "Ua linakuonyesha mmea una undugu na mimea ipi. Halikuambii kama unaliwa. Siku nyingine uniulize mimi kwanza."