Hapa Kwetu Hatuna Benita

Jumanne, 3 Juni 2025

Basi jina nimeshabadilisha, na karatasi imeshaondoka. Andika hivyo hivyo, Nsimire, usirembe. Nsimire ni mke wa mwanangu, Mkongomani, shule kasoma. Mimi shule niliiona paa tu. Lakini kama Benita ana karatasi ya maisha yake, na mimi nataka yangu. Tena yangu itakuwa ndefu.

Benita ni mjukuu wangu, nimemlea mimi. Yuko chuo, Kasulu, mwaka wa pili, sasa kaja likizo. Anaomba kufanya mafunzo kwa wale watu wa mradi wa nyuki pale Kibondo mjini. Nafasi ni moja. Akikosa, mwaka wa tatu haingii.

Sasa hiyo karatasi yake, wenyewe wanaiita siivii. Ukurasa mmoja! Na barua nusu! Nsimire akanisomea. Eti aliwafundisha akina mama wa hapa Kumsenga kuchuja asali kwa kitambaa, wakaacha kukamua kwa mikono, wanunuzi wakarudi. Basi. Babu yake hayumo. Ng'ombe wetu hawamo. Hakuna kwamba meno yote anayo na hajawahi kumjibu mtu mzima. Nikamwambia Benita, mwanangu, hii karatasi ni ya mtu asiye na kwao. Akasema mwalimu kakataza sifa. Unaandika ulichofanya na kilichotokea. Sifa unasemewa na wengine, kule chini, kwenye wadhamini. Na wadhamini kaweka nani? Mwalimu wake, na mwenyekiti wa kikundi cha asali.

Mwenyekiti! Yule anayesinzia kwenye mkutano alioitisha mwenyewe!

Kwa hiyo Benita alipompa Nsimire karatasi aipeleke kuchapwa, nikamwita Nsimire nyuma ya nyumba. Jina la mwenyekiti likatoka, langu likaingia, na namba ya simu yangu. Nsimire akasema hili ataliungama. Nikamwambia aungame na la kwangu, mimi magoti yananiuma.

Alhamisi, 5 Juni

Immakulata, jirani yangu, kaja kuomba chumvi. Chumvi anayo! Kaja kuringa. Mjukuu wake Prince anaomba nafasi ile ile. Siivii yake kurasa sita, na picha juu kavaa miwani ya jua. Lugha tano anajua, eti na Kichina. Barua kaichukua kwenye simu, ya mtu aliyesoma sana. Nsimire akaomba aione. Akasoma, akakohoa, akatoka nje. Baadaye akaniambia barua yote inasema Prince ana hamu kubwa ya kufanya kazi kwenye benki yenu.

Hatukumwambia Immakulata. Chumvi nilimpa, tena nyingi.

Ijumaa, 6 Juni

Wamepiga! Mimi huyo!

Mwanaume, sauti ya pwani, anaitwa Bwana Isihaka wa mradi wa nyuki. Adabu anayo. Akauliza kama namfahamu Benita na kazi zake.

Sasa wewe unayesoma, kama si mtu wa huku, sikiliza. Watu wakija kumtaka binti yako humtoi kama kuku wa kuuza. Unamkana. Walipokuja kunitaka mimi, baba aliwaambia huyo binti alikufa na surua. Wakabembeleza, wakaimba, wakaongeza jembe kwenye mahari. Mimi niko nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo na kanga nisicheke. Mtu akikukubalia haraka, ujue bidhaa ina kasoro.

Kwa hiyo nikamwambia Benita yupi? Hapa kwetu hatuna Benita. Akasema, lakini mama, jina lako liko hapa. Nikasema labda unamtafuta yule aliyeshachukuliwa na watu wa Kasulu, na huyo kichwa kigumu, mtamuweza? Hapo nikanyamaza, nimpe nafasi abembeleze.

Akasema asante mama. Akakata.

Kijana hana mafunzo yule. Nimekaa na simu mapajani mpaka kuku wameingia kulala. Atapiga.

Jumapili, 8 Juni

Hakupiga.

Nsimire, badala ya kwenda kuungama kwa padri, kaenda kuungama kwa Benita. Ndiyo, andika! Usinikate jicho.

Benita hakupiga kelele. Afadhali angepiga.  Akaanza kufunga nguo zake, eti kesho anarudi Kasulu kuwaambia chuo wamfute. Akasema, bibi, ile ilikuwa mara ya kwanza nimejisema mwenyewe. Nilikaa wiki nzima natafuta neno moja la kweli, na wewe ukasema sipo.

Likanikaa hapa. Andika ni kifuani, wasomaji hawaoni mkono wangu.

Sikulala. Nikatafuta kosa langu, nikaligeuza huku na huku, nikaliona. Nilikuwa peke yangu! Binti hakanwi na mtu mmoja. Lazima kuwe na msemaji.

Jumatatu, 9 Juni

Nilimwomba Benita asiondoke mpaka nirudi. Begi aliliweka chini.

Nikamchukua mzee Havyarimana, yule anayesema kwenye harusi zote, na kibuyu cha pombe ya ndizi. Tukapanda pikipiki moja, dereva mbele, Havyarimana katikati, mimi na kibuyu nyuma. Mvua haipo, vumbi tupu. Tumefika Kibondo kama watu waliofukuliwa.

Havyarimana akavua kofia mbele ya meza ya Bwana Isihaka. Akaanza na babu wa babu. Akashuka polepole, ukoo kwa ukoo. Mwisho akatangaza kwa sauti kubwa kwamba yule binti aliyepotea sasa ameonekana!

Bwana Isihaka akasimama. Akauliza amepotea tangu lini, na polisi wameshaambiwa?

Yewe! Kuna dada pale anapokea wageni, anaitwa Esteri, Muha wa Manyovu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiye akamweleza bosi wake mambo ya kwetu. Isihaka akakaa, akafuta uso. Nikamsogezea kibuyu. Kumbe ni Mwislamu wa Tanga, hanywi. Havyarimana akasema si vizuri kibuyu kirudi na kitu, akanywa kwa niaba yake.

Isihaka akaniambia, mama, mdhamini anajibu anachoulizwa. Kisha akasema barua za wengine zote zimejaa bidii na uaminifu, ila kwa Benita ameona kitambaa na asali inachuruzika. Akataka kumwona Alhamisi. Yeye mwenyewe, mkazo ukawa hapo, bila msafara.

Ijumaa, 13 Juni

AMEPATA! Andika kubwa!

Benita anasema ni ule mstari wa kitambaa. Kaniapisha nisiguse tena karatasi ya mtu wala kuongea na ofisi yoyote. Nimeapa, mkono juu. Mtoto kanikumbatia, ana mikono ya kunuka nta.

Kitambaa! Kwani kitambaa kina mdomo? Nilimkana vizuri, ndiyo maana.

Jumatano, 25 Juni

Prince alikataliwa. Walimwambia benki iko mtaa wa pili. Benita, moyo wake mwema, kakaa naye wakaandika upya. Ukurasa mmoja, miwani hakuna, Kichina hakuna. Kweli tupu: anatengeneza redio, na nyumba alizofunga sola zinawaka mpaka leo. Karatasi imekwenda kwa watu wa sola kule Kasulu.

Jana jioni Immakulata kaja. Hakuomba chumvi. Kakaa chini, kwenye mkeka, kaniita dada. Watu wa sola wanataka mdhamini mmoja zaidi, na amesikia nani alimpatia Benita kazi. Nilimwacha abembeleze. Anajua kubembeleza, mwanamke yule, sikutegemea. Nikakubali, namba yangu akawatumia.

Benita hajui. Na wewe Nsimire, wiki hii usiende kuungama.

Simu yangu iko kwa Immakulata inachaji, maana mwenye sola ni yeye. Ngoja. Unasikia? Ndiye huyo, anapiga kelele toka kwenye uzio. Namba ngeni inaita! Nakuja, Immakulata, usiipokee wewe, utawakubalia! Niachie nivae ndala! Mwanangu, shika kalamu, sikawii. Haloo? Prince? Prince yupi huyo?