Malalamiko Juu ya Seneta wa Chumba Namba Tisa

Makao ya Wazee, Aston,
Birmingham.

Kwa Dada Moraa, Meneja wetu,

Pole na kazi. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, maana ninayemlalamikia husoma kila karatasi iliyoachwa mezani. Ni Bwana Delbert Crane, yule Mmarekani wa miaka tisini na moja aliyeletwa na bintiye anayekaa Ladywood. Kwao alikuwa seneta miaka thelathini na sita na, kwa heshima zote Dada, hajaacha.

1. Kila asubuhi huwapa mkono wazee wote ishirini na wawili, hata waliolala. Uji unapoa.

2. Hatukuwa na kamati ya wakazi, na tuliishi kwa amani. Ameiunda, akawa mwenyekiti. Ameahidi kila mzee kiti cha dirishani. Madirisha ni manne. Wamemchagua tena mara mbili. Nilimuuliza Mzee Kuldip, yule wa kutoka Kisumu, kwa nini anampigia kura mwongo namna hii. Akanijibu, "Najua ni mwongo, mama. Lakini aliniuliza jina la marehemu mke wangu, na kesho yake bado analikumbuka."

3. Jumanne ulipokuja kutangaza kwamba kila mzee ataogeshwa kwa dakika kumi tu, aliinua mkono akaomba neno. Neno lenyewe lilichukua saa mbili. Tukasikia jinsi baba yake alivyouza nyasi kavu, uchaguzi wa kwanza alioshindwa kwa kura tisa, na daraja lenye jina lake ambalo halikufika ng'ambo. Kisha akafika siku mkewe alipokata roho hospitalini, yeye yuko bungeni anangoja kupiga kura. "Nilichelewa dakika kumi," akasema. Nilikuwa nimeshika trei. Sikuweza hata kuiweka chini. Halafu akaendelea na habari za barabara za lami mpaka kengele ya chakula ikalia, na tangazo lako likafa. Sasa tunaogesha taratibu, nami hukosa basi kila siku.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe makao mengine, au azuiwe kusema zaidi ya dakika tatu.

Msalimie shemeji Mugambi, watoto, na wote wa ofisini.

Wako mtiifu kazini,
Truphosa Achieng,
mhudumu wa zamu ya asubuhi.

Nyongeza: Tafadhali usiishughulikie barua hii kabla ya Ijumaa. Ni siku ya uchaguzi. Mama Rajni wa chumba namba nne anagombea dhidi yake, na anasema dakika kumi za kuoga zinatosha. Mimi ndiye ninayemsukuma Bwana Crane kwenye kiti cha magurudumu, mlango kwa mlango, kuomba kura.