Malalamiko Kuhusu Kusugua Uso Mara Mbili tu kwa Wiki

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Urembo,

Nakusalimu kutoka Ilomba, Mbeya, ambako tulikuwa tunaishi kwa amani hadi Jumapili, gazeti lako lilipoandika kwamba uso usuguliwe mara moja au mbili tu kwa wiki, tena kwa mkono mwepesi.

Mimi ni shangazi. Jumamosi hii ni sherehe ya kumuaga bibi harusi wetu Devota, binti wa kaka yangu, na wakwe wanatoka Iringa kuja kumtazama. Uso wake nimekabidhiwa mimi. Nilishaandaa debe zima la pumba laini za mpunga kutoka Rujewa, nimsugue asubuhi na jioni. Alipokusoma tu, mtoto akaenda kujifungia chumbani na uso wake. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Umenivunjia heshima. Tangu lini shangazi akabishiwa na gazeti?

2. Unadai ngozi ikisuguliwa sana huchubuka. Marehemu mama yangu alisugua sufuria lake kwa majivu na mchanga kila siku ya Mungu, miaka ishirini, majirani wakawa wanajitazamia humo. Ni kweli lilitoboka. Lakini lilitoboka likiwa linang'aa.

3. Barabara ya mtaa wetu hukwanguliwa na greda kila kiongozi anapokaribia kuja. Mbona huiandikii ipumzike siku tatu? Leo ni mtaro, sawa, ila mgeni rasmi alishapita.

4. Devota ana cheti cha uuguzi, lakini cheti hakionekani kwenye video ya sherehe. Uso ndio unaoonekana. Mimi siku yangu wakwe walisema nina uso wa jikoni, na mpaka leo inaniuma. Sitaki asikie neno hilo.

Hivyo basi, naomba uchapishe kabla ya Jumamosi kwamba ulikosea, na kwamba mara mbili ni kwa siku.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa wenye chunusi.

Wako katika usafi,
Esnath Kalinga

N.B. Ili kumpa Devota mfano, nilijisugua mwenyewe siku tatu mfululizo, na jana nikamalizia kwa limau. Barua hii anaiandika yeye, kwa kuwa macho yangu hayafunguki. Amenipaka mafuta ya mgando, na zile pumba amewapa kuku. Jumamosi nitakaa viti vya nyuma, nimejifunika kitenge. Tafadhali nitumie nakala nyingine ya ushauri wako, kwani ile ya kwangu niliwashia jiko.