Nani Anauvujisha Wimbo Wangu?

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wimbo umekamilika. Taarabu mwanzoni, kwaya katikati, baikoko mwishoni. Hakuna mtu Tanga hii aliyewahi kuvipika vitatu hivyo chungu kimoja. Nitaupiga Jumamosi kwenye harusi ya Nasma, mtoto wa dada yangu Hafsa. Hafsa kanipa nafasi moja tu. Watu wasipoinuka anaita matarumbeta, na nisimtajie tena muziki mpaka afe. Baikoko, ngoma ya kukata viuno, sijamwambia. Wakwe ni watu wa dini.

Mafriji natengeneza kwa ajili ya riziki. Muziki ndio roho yangu. Kwa hiyo siri ni muhimu, maana ukuta wetu ni mmoja na Mwalimu Zebedayo wa kwaya. Simwamini. Anasalimia sana. Nimenunua hedifoni, nimezichomeka kwenye kinanda, haitoki hata chembe ya sauti nje. Mazoezi toka adhuhuri hadi alasiri. Siri tupu.

Jumanne, 5 Agosti

Imakulata, mke wa Zebedayo, alikuwa anaanika nguo huku anaimba. Ubeti wangu wa pili! Nilipomsalimia akanyamaza, akatabasamu. Kwenda dukani, muuza maandazi wa kona naye anaupiga mluzi, tena bila aibu, akaniuliza nimeamkaje.

Saleha, mke wangu, ameniambia nipunguze sauti. Nikamwita chumbani, nikabonyeza kinanda mbele yake. Kimya. Akasema hasemi kinanda. Sasa anasema nini? Saleha hajawahi kuzungumza nami kwa mafumbo. Kuna mtu anamfundisha.

Jumatano, 6 Agosti

Mtego. Nimeingiza katikati ya wimbo kipande kibovu makusudi. Sauti inapanda kama punda aliyeumwa na siafu, halafu inakatika. Takataka. Atakayekutwa nacho ndiye mwizi. Nimekifanyia mazoezi mchana kutwa, hedifoni masikioni, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Sikumwambia mtu.

Saleha anadai Zebedayo amegonga ukuta mara kadhaa. Mimi sikusikia chochote. Anadanganya, na hata kudanganya hajui.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwaya imefanya mazoezi uani kwa Zebedayo. Nimepanda juu ya ndoo nikachungulia. Wanamwimba punda wangu! Kwa sauti nne! Punda anapanda, besi inashuka, akina mama wanamshika katikati asianguke. Nimetetemeka kwa hasira. Kisha nikaendelea kutetemeka, maana ilikuwa tamu. Inaniuma kuandika, ilikuwa tamu kuliko yangu.

Nimeichukua ile besi nikaiweka kwenye kinanda. Huo si wizi. Ng'ombe wako akizalia kwa jirani, ndama ni wako.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala nimemwendea Zebedayo nikiwa na kanzu yangu, aone uzito wa jambo. Akanivutia kiti, akaniita jirani. Nikamuuliza wimbo kautoa wapi. Akasema Hafsa amewaomba waje kuniitikia kesho, kwa kuogopa nisije nikaaibika peke yangu. Nikasema sijauliza hilo, nauliza kautoa wapi. Akasema kwako.

Kwangu. Na kwangu tunaishi wawili tu.

Nimekula wali wa Saleha bila kuusifia. Ajue.

Jumapili, 10 Agosti

Harusi ilikuwa jana. Nilikaa kwenye kinanda, nikafungua mdomo, na ubeti wa kwanza ukanitoroka. Wote. Ukumbi mzima wa Makorora unanitazama. Hafsa simu sikioni, anawaita watu wa matarumbeta. Nilitamani ardhi inimeze.

Mara muuza maandazi akaanza ubeti kutoka nyuma. Wanawake wa mtaani kwetu Usagara wakaupokea. Kwaya ikaingia. Kwenye punda ukumbi wote ukainua mikono. Ilipofika baikoko nikafumba macho, na nilipoyafumbua nikamwona bibi mzaa baba wa bwana harusi amejifunga khanga kiunoni, yupo katikati. Hafsa akakata simu. Nasma akaja analia, akaniambia ahsante mjomba. Nami nililia. Sijawahi kufurahi namna ile.

Tulipofika nyumbani Saleha akanieleza, taratibu, kama anamweleza mgonjwa. Kwamba nikivaa hedifoni naimba kwa kelele. Kwamba mtaa mzima wananisikia, na mashairi wanayajua kuliko mimi. Nimelifikiria hilo kwa haki kabisa. Haliwezekani. Ningekuwa napiga kelele, mtu wa kwanza kusikia angekuwa mimi.

Ninachokiona ni hiki. Watu zaidi ya mia waliujua wimbo wangu. Huu si wizi wa mtu mmoja. Ni mtandao, na Saleha ndiye msemaji wao.

Jumatatu, 11 Agosti

Wimbo mpya. Singeli, ule muziki wa mbio, ndani ya kasida, jambo zito. Safari hii sibahatishi. Nimenunua hedifoni kubwa zaidi, zinaziba sikio zima, na ndani nimejaza pamba. Saleha amesimama mlangoni anachezesha mdomo. Simsikii, na nadhani ndiyo maana amekasirika.

Dirishani namwona Zebedayo. Amesogeza kiti hadi ukutani, karatasi pajani, penseli mkononi, ananisubiri nikosee. Atasubiri sana. Nimeshafika ubeti wa nne na sijatoa hata pumzi.