Kifaru cha Mkunga Nanyuma

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika, natangaza kwamba taifa letu limefaulu kuogopa kwa kiwango kinachokubalika. Mimi Makan Sidibe, imamu wa msikiti wa Wizara ya Ulinzi na katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kupima Hofu, ndimi niliyeandika kumbukumbu za kikao, wala sikuongeza neno ila pale heshima ya Waziri ilipodai.

Kikao kiliitishwa kwa sababu ya ujumbe ulionaswa redioni kutoka ng'ambo ya mto. Kapteni wa jeshi la jirani, wa ukoo wa Traore, alimwambia kapteni wetu, wa ukoo wa Diarra: "Enyi wala kunde! Watumwa wetu! Amkeni, mabwana zenu tunakuja!"

Waziri wetu, Jenerali Fotigi Diarra, aliyasoma maneno hayo akafumba macho. Kwamba Traore na Diarra ni watani tangu enzi za mababu, na kwamba hivyo ndivyo wanavyosalimiana sokoni, harusini na hata msibani, kila mjumbe alilijua. Hakuna aliyelisema, halikuwa la kitaalamu. Sehemu ya pili ya ujumbe, iliyohusu mke wa kapteni huyo wa jirani, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, iliondolewa kwa kukosa uzito wa kiusalama.

Tukaazimia bajeti ya jeshi iongezwe maradufu. Kifaru cha kwanza kilikwisha kufika. Kwa kuwa jua la mtoni lingeichubua rangi yake, kingelazwa katika zahanati ya uzazi ya Banankoro, jengo pekee la saruji mpakani. Wajawazito wangeelekezwa kivulini.

Hapo mkunga wa zahanati hiyo, Bi Nanyuma Traore, akaingia bila barua ya mwaliko, akaketi sakafuni mbele ya Waziri.

"We Diarra, nani kakuruhusu kukaa kitini mbele ya bwana wako?"

"Ondoka hapa, mla kunde!" Waziri alicheka kabla hajakikumbuka cheo chake. "Tumbo lako linanguruma mpaka linatisha jeshi."

"Limeshalitisha! Kaka yangu kataja kunde redioni, wewe mbio kununua chuma. Mkewe alivuka kwa mtumbwi, kajifungulia mikononi mwangu. Mapacha. Wakija wengine niwazalishie wapi, uvunguni mwa kifaru?"

Nikaandika: Pande mbili zilibadilishana mawazo.

"Haya mama, nakupa zahanati. Nenda."

"Iliyo yangu utanipaje? Naomba kilicho chako. Naomba kifaru."

Kicheko kikakatika. Waziri akanigeukia. "Imamu, sema kitu."

Nilikifungua kitabu cha kanuni, nikakifunga. Mtani akiketi sakafuni akaomba mbele ya watu, anayemnyima huuaibisha ukoo wake wote. Na majenerali wanne kati ya sita waliokuwamo walikuwa akina Diarra.

"Mheshimiwa," nikasema, "kanuni za Wizara zinakataza. Ila mama yako mzazi atasemaje?"

Waziri akaomba kalamu.

Tangu hapo, maji ya mto yakipungua, kifaru chetu huingia nchi jirani mara tatu kwa wiki bila kupigwa risasi hata moja, kikarudi na wajawazito. Kamati imeliingiza jambo hilo katika orodha ya ushindi.

Siku ya Uhuru ilipokaribia, gwaride likahitaji kifaru. Waziri aliandika barua rasmi. Jibu lilikuwa fupi: "Njoo uombe mwenyewe, na gunia la kunde kichwani." Wizara ikatangaza kwamba Waziri yuko ziarani mpakani kukagua vifaa.

Siku yenyewe, kifaru kilisimama mbele ya jukwaa bila amri. Mfuniko ukafunguka, Bi Nanyuma akachomoza kichwa. "Diarra! Teremka uje unishikie taa. Huyu hangoji wimbo wa taifa!"

Waziri aliteremka na nishani zake zote, akatumbukia ndani. Tulisimama wima tukisubiri. Kikasikika kilio chembamba, kisha kimya. Mkuu wa mizinga, aliyetakiwa kufyatua ishirini na moja ya heshima, akasogea akauliza kwa adabu kama aanze.

Sauti ya Waziri ikatoka ndani ya chuma: "Thubutu! Mtoto kalala."