Giaboksi Iliyoombewa

Jumatatu, 6 Juni 2005

Giaboksi ya Pijo ya kanisa imekufa. Nimeiua mimi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine ninapoweza kulisema.

Ilikuwa ikilia tangu Pasaka, uuuu, kama mbwa aliyefungiwa nje. Jamaa mmoja pale Kangemi akaniambia dawa yake ni ndizi mbivu. Unazitia ndani pamoja na oili, kelele kwisha. Nikatia sita. Na kweli zikaisha! Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Leo, kwenye mlima wa kuingia Spring Valley, nimejaza mbolea ya ng'ombe hadi juu, ukasikika mlio mmoja mbaya. Naingiza gia ya kwanza, hewa. Ya pili, hewa. Mbolea ikaanza kunirudisha chini.

Mbolea ni biashara yangu ndogo. Kanisa halina habari. Mimi ni mzee wa kanisa, ndiye nitunzaye ufunguo, na pikapu ni ya kuwabeba akina mama wazee kutoka bondeni kila Jumapili, maana miguu yao haiuwezi ule mlima wa Uthiru. Mzee mwenzangu Sifuna anautamani ufunguo huo tangu mwaka jana. Akijua, nimekwisha.

Lori la mchanga limenivuta hadi kwa fundi Odhiambo. Amefungua, ameingiza kidole, amenusa. Akaniuliza, mzee, kwani hii gari ulikuwa unailisha? Mafundi wote wakaja kunusa. Nilitazama viatu vyangu.

Kabla ya Jumapili lazima nipate giaboksi nyingine. Kimya kimya.

Jumanne, 7 Juni

Mjini, Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea. Nilivaa suti ili nionekane mtu anayejua mambo. Kosa! Madalali walinizunguka kabla sijavuka barabara. Aliyewashinda wenzake ni mmoja wa kofia nyekundu, anaitwa Dan. Aliniita baba. Alinikalisha juu ya tairi, akaninunulia soda. Akasema, baba, ya Pijo 404 tuko nayo, safi kabisa, imetoka Japani juzi. Nikamjibu kwamba mimi si mgeni kwa mambo ya spea. Nikaigonga kwa kidole, nikatega sikio, nikaguna kama daktari. Nikalipa. Sitaandika bei.

Nikiwa mezani jioni ndipo nilipokumbuka kwamba Pijo ni ya Wafaransa. Nikausukuma ugali kando.

Jumatano, 8 Juni

Haingii. Gia ya Pijo yetu iko kwenye usukani. Hii niliyonunua, mkono wake unachomoza sakafuni. Odhiambo ameniuliza kama atoboe sakafu ya gari la Bwana.

Nilirudi Kirinyaga Road mbio. Dan hayupo. Pale kwenye tairi ameketi mama anayeuza njugu. Hamjui Dan yeyote, na kama sinunui njugu nisimzibie wateja.

Jioni, maombi ya katikati ya wiki. Sifuna akasimama mbele ya watu wote akauliza, kwa ile sauti yake ya asali, pikapu yetu iko wapi, mbona hajaisikia. Ningesema tu. Ndizi, mbolea, nisameheni, basi. Badala yake nikasema gari limekataa ghafla na hata fundi ameshangaa. (La fundi kushangaa si uongo.) Mchungaji Mwololo akafumba macho. Akasema hivi ni vita vya kiroho. Kabla sijafungua mdomo, akina mama walikuwa wamekwisha kutangaza mfungo hadi Jumapili, maji tu, kwa ajili ya giaboksi!

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Kiarie. Mjane, miaka sabini na kitu, ana presha. Alisema gari hilo ndilo miguu yake. Nilitamani ardhi inimeze. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Sifuna alikuwa akinitazama mimi.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda Spring Valley kumwomba radhi mteja wangu Bi. Anita, mwalimu mstaafu, kwa mbolea iliyomwagika Jumatatu langoni kwa jirani yake. Alinizungusha nyuma ya nyumba anionyeshe waridi zake zilivyonyauka. Na huko nyuma, chini ya maua yanayotambaa, ni nini naona? Pijo 404! Haina magurudumu, kuku wanalala ndani. Ya marehemu mumewe. Nikajitupa chini na suti yangu, nikachungulia. Giaboksi ipo! Mkono uko kwenye usukani! Karibu nimkumbatie kuku.

Bi. Anita hakutaka pesa. Anataka mbolea, kila Alhamisi, hadi mvua za vuli ziishe. Alisema neno langu linamtosha kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa. Nikalitoa. Mbolea itabebwa na nini? Na Pijo ya kanisa. Najua. Najua!

Ijumaa, 10 Juni

Odhiambo anaifunga. Kwanza alitoa manyoya, kisha yai zima. Nimemwapisha asimwambie mtu. Aliapa huku akicheka, jambo ambalo halinitulizi.

Nikirudi nilipita kanisani. Akina mama walikuwa ndani wakiimba, sauti zimekuwa nyembamba kwa njaa. Nilifika hadi mlangoni. Nilitaka kuingia niwaambie nendeni mkale, jamani, hakuna shetani hapa, ni mimi. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikala chapati mbili.

Nzula, mke wangu, naye amefunga. Aliniuliza kama na mimi nimefunga. Nikasema ndiyo. Akanifuta kidevu kwa leso yake, taratibu. Kilikuwa na mafuta. Heri angenitukana.

Jumapili, 12 Juni

Pijo imepanda mlima, akina mama wazee nyuma wakiimba. Gia zinaingia zenyewe. Uwanja mzima vigelegele! Mchungaji akatangaza kwamba fundi alishindwa na maombi yameweza. Odhiambo angesikia hayo! Nikaitwa nitoe ushuhuda.

Nilikuwa nimeamua kusema kweli. Nilikuwa nimeamua kabisa. Nikashika maikrofoni. Nikamwona Nzula, mashavu yamembonyea. Nikamwona Sifuna, ameinama mbele kama anayesubiri sahani. Nikasema sina maneno. Watu wakasema, oneni unyenyekevu! Mama mmoja akaangua kilio.

Baada ya ibada ikapangwa foleni. Mmoja ameleta pampu ya maji iombewe, mwingine redio, mwingine pasi. Sifuna hakuleta kitu. Alizunguka Pijo polepole, akainama, akachomoa kitu kidogo cheupe chini ya bodi. Unyoya wa kuku. Akautia mfukoni.

Jumanne, 14 Juni

Habari mbaya. Nzula ametoka kwa Mama Kiarie. Mama huyo ameanguka jikoni. Tangu Jumapili hamezi dawa za presha. Anasema aliyetengeneza chuma hawezi kushindwa na damu.

Sikula. Safari hii kweli sikula. Hadi jana ilikuwa aibu tu. Leo ni woga. Mama huyu akifa, nimemuua kwa ndizi.

Jumatano, 15 Juni

Nilishuka bondeni asubuhi. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi: Mama, mimi ni mwongo, gari halikuponywa, nilinunua giaboksi kwa mbolea, tafadhali meza dawa. Rahisi. Hata mtoto angelisema.

Nilimkuta ameshika ukuta, dunia inamzunguka. Akaniita mwanangu. Akanipa kichane cha ndizi kutoka shamba lake, akasema alinitunzia siku zote za mfungo, hakuonja hata moja. Ndizi! Nikasikia mdomo wangu ukisema, Mama, nimeota.

Nikamwambia nimeota malaika. Amevaa koti jeupe, kama daktari wa zahanati. Amekasirika. Anasema mwambie Mama Kiarie ameze dawa zake kila siku na asithubutu kuacha. Alizimeza papo hapo, na chai baridi! Kisha nikamshika mkono hadi zahanati, wakampima, wakamgombeza, naye akawaambia wasijisumbue kwa kuwa wamechelewa, ameshagombezwa na mkubwa wao.

Atapona. Nilipanda mlima nikilia, na sijui ni kwa furaha au kwa kujionea haya. Nimeapa: huo ni uongo wangu wa mwisho.

Jumapili, 19 Juni

Mama Kiarie alisimama kanisani, imara, akasimulia ile ndoto. Alimwongezea malaika mabawa. Ndipo Sifuna akainuka, akachomoa ule unyoya mfukoni, akauinua juu watu wote wauone. Akasema aliupata chini ya Pijo. Akaniuliza, mzee Kiragu, hebu tueleze, huu ni wa nini?

Basi, nikasema moyoni. Imefika. Na nitatoa neno hili moja tu, kuku, nikapumzike. Nikafungua mdomo.

Mama Kiarie akapiga ukelele. Wa malaika! Akaupokonya unyoya mkononi mwa Sifuna, akaubusu. Akina mama wakampokea kwa wimbo. Sifuna akabaki mkono juu, hana kitu. Karibu nimwonee huruma.

Mchungaji Mwololo akauliza kama malaika alisema jambo jingine. Hapo ndipo ningekaa chini. Nzula alikuwa akinitazama, anatikisa kichwa kidogo sana, usithubutu. Nikasema ndiyo. Nikasema malaika anataka ufunguo ubaki ulipo. Na kila Alhamisi Pijo ielekee Spring Valley, kuna udongo mkavu unaoisubiri. Watu wote wakasema Amina.

Nzula amerudi nyumbani kwa miguu. Kwangu amesema neno moja tu, nalo siliandiki.

Mimi nilirudi na Pijo peke yangu. Pale kwenye kona ya posho mill, kinu cha unga, gia ya pili ikaanza. Uuuu. Odhiambo hafungui Jumapili. Alhamisi nina mbolea.

Kichane cha Mama Kiarie kiko mezani. Zimeiva vizuri. Nimefikiri sana, na sasa nimeelewa nilipokosea: sita zilikuwa nyingi mno. Nitatia tatu.