Swichi ya Duara na Ufunguo wa Mama

Jumatatu, 9 Novemba

Nina hasira. Naandika kwa kalamu nyekundu ili hata karatasi ijue.

Kaka mkubwa kaenda kufanya kazi ng'ambo, mwaka mzima, na gari lake kamwachia Mama. Tena si gari la kuvutwa na magurudumu mawili kama mkokoteni. Hili yanavuta yote manne! Nilijua ufunguo utateremka kwangu kama maji yanavyofuata bonde. Mimi ndiye mwanamume mkubwa niliyebaki. Lakini wapi! Mama kautumbukiza kwenye mkoba wake mweusi, zipu kaivuta.

Katoa sharti. Jumamosi anakwenda mlimani kwa mama mkubwa, dada yake, aliyevunjika mguu. Ama mimi ama shemeji aendeshe, kila mmoja akilijaribu gari kwanza. Atakayemfikisha bila kumtikisa mgongo ndiye atakaa na ufunguo hadi Kaka arudi.

Shemeji! Mume wa dada yangu mdogo! Muuza dawa. Tunamwita Miwani. Mtu wa kusimama kwenye taa nyekundu hata kama barabara nzima ni yeye na mbwa.

Leo kajitia kunifundisha. Kando ya gia kuna swichi ya duara yenye mstari mweupe. Uuelekeze kushoto, pana picha ya kufuli lililofunguka. Kulia, kufuli lililofungwa. Chini yake kitufe cha oto. Eti swichi hiyo ndiyo inayoamuru difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Eti lami kavu, fungua. Changarawe, weka katikati. Tope, funga. Na ukiwa na shaka, shemeji wangu, bonyeza oto, gari lijiamulie.

Nikamuuliza tangu lini chuma kikajiamulia mbele yangu. Darasa la sita mimi nililiacha, halikuniacha. Nimewahi kulinasua trekta topeni kwa pikapu ndogo, na dereva wa trekta akanibusu mikono. (Mama akakohoa.) Kufuli lililofungwa ndilo lenye nguvu. Nani anafunga mlango nusu?

Jumanne, 10 Novemba

Zamu yangu ya kujaribu gari. Nikafunga kufuli nikiwa bado uani. Lami kavu, jua kali, mimi na mnyama wangu.

Barabara iliyonyooka, safi. Nikaingia kituo cha mafuta, nikakata kona kali kuizunguka pampu. Mungu wangu! Matairi yakalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Usukani ukakaza. Gari likarukaruka kama limekabwa na mfupa. Watu wote kituoni wakageuka. Mpiga pampu akaniuliza kama nimesahau kuachia breki ya mkono. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nikaangalia breki ya mkono. Nilikuwa nimeiachia. Nikazidi kukasirika.

Nyumbani nikamvaa Miwani mbele ya Mama. Kalegeza nini kwenye gari hili? Akasafisha miwani kwa shati, ile tabia yake ya kunichoma moyo, akauliza kwa upole swichi ilikuwa wapi. Kisha hotuba. Eti kwenye kona magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma. Ukifunga difu ni kama wagomvi wawili waliofungwa kamba moja kiunoni: huyu anataka kutangulia, yule hamruhusu. Topeni watateleza kidogo, wataelewana. Kwenye lami kavu watararuana.

Dada akacheka mpaka akaegemea friji. Akasema, kaka, hata gari limekuchoka. Damu moja na mimi, yule!

Jumatano, 11 Novemba

Zamu ya Miwani. Kampeleka Mama sokoni kwa lami, kisha ile njia ya changarawe hadi kwenye bwawa, na kurudi. Nilisimama getini nikisubiri kusikia kilio cha matairi. Kimya.

Wakaingia. Mama amelala! Amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mkoba tumboni! Kwenye gari ninaloendesha mimi hajawahi kulala mtu hata mmoja. Hiyo ndiyo heshima ya dereva: abiria wako macho, wanamkumbuka Mungu.

Mama alipoamka akasema mkwe ana mkono mwororo, Jumamosi ataendesha yeye. Mkono mwororo! Kama anapaka mtoto mafuta! Sikula. Nilikula baadaye, lakini kwa hasira.

Alhamisi, 12 Novemba

Akili ni mali. Nimepata dawa ya muuza dawa.

Wote walipokuwa ndani nikaingia garini na kijiko cha chai. Ile swichi ya duara juu ina kifuniko, na mstari mweupe uko kwenye kifuniko. Nikakibandua, nikakigeuza nyuma mbele, nikakirudisha. Tap! Sasa mstari unadanganya. Ukionyesha kufuli limefungwa, ndani difu imefunguka. Ukionyesha limefunguka, ndani imefungwa.

Jumamosi Bwana Mkono Mwororo atafika topeni, ataona amefunga, kumbe amefungua. Atakwama kama sindano kwenye godoro. Mimi nitashuka taratibu, nitakunja mikono ya shati, nitauliza kama naruhusiwa kujaribu.

Kijiko nimekiosha. Sikuacha alama. Ningekuwa mwizi, polisi wangefunga kituo.

Ijumaa, 13 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mezani Miwani akasema njia ya mlimani ni udongo mfinyanzi, itakuwa mbaya. Nikaona nafasi. Nikasimulia tena la trekta, safari hii matrekta yakawa mawili. Mama akakohoa. Kisha akaweka kikombe chini akasema basi, kama tope ni hilo, yule wa matrekta ndiye aendeshe. Mkwe akae nyuma.

Mimi! Nikainuka na kiti. Nikamwambia Miwani abebe mto, safari ni ndefu. Jioni nikaenda kunyolewa. Kinyozi akauliza sherehe ni ya nini. Nikamwambia asome magazeti.

Jumamosi, 14 Novemba

Naandika nimejifunga blanketi. Kwa hasira, si kwa baridi. Baridi pia ipo.

Asubuhi mvua ilikuwa imekata na lami ya mjini imeshakauka. Nikachungulia mstari mweupe: kufuli limefungwa. Ndivyo nipendavyo. Nikakata kona zote, matairi kimya kabisa! Nikamgeukia Miwani nikamwambia aone, nimefunga na hakuna anayelia, tatizo ni mkono wa dereva. Akainama kuitazama swichi, akakunja uso. Changarawe pia, salama. Mama akaanza kusinzia. Kusinzia! Kwangu! Machozi yalinilenga.

Kisha mlima. Tope jekundu. Katikati ya mpando magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure, ya nyuma yametulia tu kama wageni. Nikakanyaga mafuta. Yakachimba. Mama akaamka.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kijiko.

Dawa nilikuwa nayo! Kuelekeza tu mstari kwenye kufuli lililofunguka, ndani ingefunga, tungetoka. Nikazungusha. Miwani akapiga kelele kutoka nyuma, shemeji, hiyo ni kufungua, huku ni topeni! Mama akaniuliza nina wazimu gani. Ningesema nini? Kwamba mstari unadanganya? Nani kaufundisha uongo? Nikarudisha. Yakachimba zaidi. Nikazungusha tena nikijifanya nakuna goti. Miwani akapiga kelele tena. Nikarudisha tena. Tope likafika mlangoni.

Mama akasema nishuke. Nikashuka. Akasema na mkwe ashuke, wote wawili tukasukume. Halafu, mimi kwa macho yangu, akahamia nyuma ya usukani! Akaweka mkoba mapajani, akabonyeza kitufe cha oto, akatuambia trekta lile alilinasua yeye. Lilikuwa moja. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu, mtoto wa miaka saba, natapika kwenye ndoo.

Ni uongo. Haikuwa ndoo.

Tukasukuma. Gari likaguna, likashika, likapanda. Halikusimama. Mama akatoa mkono dirishani, akapaza sauti kwamba akisimama atakwama, tutakutana kwa mama mkubwa. Tukabaki njiani kama viatu vilivyosahaulika msikitini.

Tulipanda kwa miguu. Miwani, tope hadi kwenye vioo, akauliza kwa ule upole wake kifuniko cha swichi kiligeukaje. Nikamwambia ni makosa ya kiwandani. Akasema kiwanda kimeacha harufu ya chai.

Jumapili, 15 Novemba

Kwa mama mkubwa. Jua limewaka, njia imekauka. Ufunguo umerudi mkobani. Miwani kakigeuza kifuniko vizuri, na hajasema neno kwa mtu. Huo ndio ubaya wake: ananidai shukrani kwa kunyamaza. Hataipata!

Nimetumwa kuosha gari. Kuosha! Lakini akili ni mali. Kesho Mama anatuteremsha mwenyewe hadi mjini, lami kavu, kona tele. Kwenye rafu ya mama mkubwa nimeona gundi ya viatu. Nimeelekeza mstari kwenye kufuli lililofungwa, nikamimina pande zote. Kitufe cha oto nacho nikakipa tone lake. Kesho matairi yatalia, Mama ataingiwa na hofu, ataita mwanamume, na mwanamume nipo. Gundi imeandikwa haibanduki milele. Nimejaribu kuibandua. Ni kweli.

Mama ametoa kichwa dirishani sasa hivi. Anasema mgongo unamuuma kwa jana. Anasema mtoto hakatwi mkono kwa kosa moja. Kesho niendeshe mimi, na nikimfikisha nyumbani taratibu, bila kelele, ufunguo ni wangu mwaka mzima.

Sawa tu. Nitaimba njia nzima, kwa sauti kubwa, hasa kwenye kona. Nimewahi kuimba mpaka treni ikasimama.